Uso wa Akiba

1

Otilia Ngonyani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwahi kuutafutia dawa: mdomo. Mngoni akiingia nyumbani kwa Mhehe hawezi kunyamaza, hata umfunge kitambaa. Ni utani wa tangu enzi za mababu, walipopigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali waendelee kutukanana kwa kicheko. Basi asubuhi ile, baridi ya Iringa ikiwa bado imeng'ang'ania kuta, Otilia alifika Kihesa kwa mzee Vitalis Kihwele, mkoba wa vifaa begani na boksi la kadi mpya kwapani. Akapiga hodi. Mlango ulipofunguliwa akaropoka kabla hata ya shikamoo.

"Wahehe mmeishiwa ugali? Mzee umekonda hivi, nani kakunyang'anya sahani?"

Neno lilikuwa limeshatoka ndipo akaona alichokisema. Mzee aliyesimama pale hakuwa amekonda kwa kutaniwa. Alikuwa amekonda kweli. Mgolole aliojifunga ulimning'inia kana kwamba umetundikwa msumarini, macho yamezama, na chini ya taya la kushoto palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau. Mwaka juzi, Otilia alipokuja kumfungia mkewe mashine ya macho, mtu huyu huyu alikuwa anabeba gunia la viazi peke yake huku akipiga mluzi.

Vitalis akageuka haraka kutazama chumbani, kisha akacheka. Kicheko kikubwa, kilichommaliza pumzi.

"Ingia, Mngoni mwizi wa ng'ombe. Na ukitoka leo nitakupekua, kuku wangu nimeshawahesabu."

Ndani, mkewe Skolastika alikuwa ameketi kwenye mkeka, miwani usoni, milulu, nyasi za kusukia vikapu, iliyotiwa rangi imemzunguka, na kikapu alichokianza kiko magotini. Naye alikuwa anacheka. Akamwambia Otilia amwache mume wake wa watu.

"Amekonda wapi? Mbona mimi namwona vile vile."

Otilia akaitikia kicheko kwa adabu, akaweka mkoba chini. Lakini moyo ulishampiga, maana alikuwa fundi wa mashine za macho kwa miaka kumi na minne na alijua vizuri kwa nini mama huyu anamwona mumewe vile vile.

Mashine yenyewe si ya miujiza. Skolastika alipofushwa na presha ya macho, akakaa gizani miaka tisa. Kisha ukaja Mradi wa Mboni. Madaktari wa mradi walimpandikizia punje mbili kisogoni, wakampa miwani yenye kamera, na pembeni ya kabati wakamwekea kompyuta ya mezani. Miwani hutazama, kompyuta huchora kile miwani ilichokitazama, punje zikapokea mchoro, mtu akaona. Kazi yote ya kuchora iko mikononi mwa kadi ya picha, na hapo ndipo mradi ulipobana matumizi. Kompyuta zilikuja zimeshaunganishwa kiwandani, zote sare, na kadi zilizomo ndani zilikuwa za kubahatisha. Kadi ya namna ile haiwezi kuchora chumba kizima, na moto jikoni, na kuku mlangoni, halafu ichore upya kila uso kila mtu anapopepesa.

Kwa hiyo wahandisi wakatafuta njia ya mkato. Uso ambao mashine imekwisha kuuzoea haiuchori tena. Inachukua ule iliouhifadhi siku ya kwanza, inaubandika pale pale, midomo inachezeshwa kidogo, macho yanapepesa, basi. Mafundi wakauita uso wa akiba. Ndiyo maana padri wa Kihesa alishanyoa ndevu zamani lakini kwa Mama Fausta, kama walivyomwita Skolastika mtaani, ndevu bado ziko kidevuni. Watu walicheka sana kwa hilo. Hakuna aliyefikiria kwamba kinachoweza kumbakishia padri ndevu kinaweza pia kumbakishia mtu afya.

2

Otilia akawaomba radhi, akasema itabidi azime. Skolastika akavua miwani mwenyewe, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa gauni.

"Zima, mwanangu. Giza nalijua, tumekaa nyumba moja miaka tisa."

Feni ya kompyuta ikanyamaza. Skolastika akaendelea kusuka kwa vidole, tena kwa kasi kuliko alipokuwa anaona. Jambo hilo lilimshangaza Otilia, akauliza. Mama akamweleza kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomfanya aandikishe jina kwenye orodha ya kadi mpya na kusubiri miezi minane. Picha inachelewa. Mkono unapeleka sindano, macho yanauonyesha mkono bado uko nyuma, na akiyafuata macho anajichoma. Vidole vyake vilikuwa na alama za kutosha.

Otilia akalaza boksi la kompyuta ubavu. Skrubu za kiwandani zilikuwa na umbo ambalo bisibisi ya dukani haiingii, lakini yeye alikuwa na bisibisi aliyoichonga mwenyewe. Kava lilipotoka, alikuta vumbi zito na mayai mawili ya mjusi yaliyokaa vizuri juu ya joto la kadi ya zamani. Akayahamishia dirishani. Akagusa chuma cha boksi kuondoa umeme wa mwilini, akachomoa kadi ya zamani, akaipima mpya kwa vidole. Ilizidi kwa vidole vitatu. Ingegonga kizimba cha chuma kinachoshikilia hadidisk. Na pawa saplai ya kiwandani isingeweza kuilisha. Umeme wake ulitosha kadi ile ile iliyokuja nayo, na plagi yake ilikuwa ya kiwanda chenyewe, hailingani na ya mtu mwingine yeyote. Hizi mashine za kununua zikiwa tayari ndivyo zilivyo, zinakukaribisha uzitumie, hazikukaribishi uzibadilishe. Otilia alilitegemea hilo, alikuja na pawa saplai nyingine na waya wa kuunganishia. Kilichobaki ni kukata kizimba.

Wakati anafungua kizimba, Skolastika aliteremsha sauti. Vitalis alikuwa ameenda uani.

Mama akasema sindano ni sababu ya kuwaambia watu wa mradi tu, ya kweli ni nyingine. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa haoni. Walimshika mkono wakaupeleka kwenye paji la uso la marehemu, likawa baridi, akasikia watu wanalia, akasikia udongo. Mpaka leo hajui mama yake alikuwa anafananaje siku za mwisho. Kila akimkumbuka anamkumbuka yule wa zamani, mnene, anapepeta mahindi, na anajiona kama aliyedanganywa.

"Nilimzika kwa masikio," akasema. "Sitaki kumzika mtu mwingine hivyo. Na tangu macho yaliponirudia nimeacha kushika watu. Unajua hilo? Ukiona, unaacha kushika."

Otilia akachukua kizimba na msumeno wa chuma, akatoka nje kana kwamba ana haraka.

3

Uani kulikuwa na jiwe la kunolea visu. Otilia akakiweka kizimba juu yake, akakanyaga kwa mguu, akaanza kukata. Chuma kililia vibaya. Vitalis akaja na kigoda, akaketi karibu sana, akangoja msumeno upate kasi ndipo akaanza kusema, kwa sababu alijua masikio ya mkewe yalivyo makali.

Alisema uvimbe ulianzia kooni. Alikwenda hospitali peke yake, akaaga kwamba anakwenda kutazama bei ya viazi. Waliingiza kamera, wakachukua kinyama, wakamwita tena, safari hii daktari alifunga mlango kwanza. Daktari hakumficha. Alimhesabia siku za kuishi mpaka mahindi ya kuchoma, labda mpaka yakomae. Tangu siku hiyo Vitalis analala chumba cha pili kwa kisingizio cha kikohozi, anavaa mgolole mchana kutwa, anakula uji akidai meno yanamsumbua. Binti yao Fausta yuko mbali, na kwenye simu ya video anaonyeshwa dari.

Otilia akaacha kukata. Vitalis akamwashiria aendelee, naye akaendelea, polepole.

"Kadi mpya itamwonyesha," mzee akasema.

"Itamwonyesha, mzee."

"Hakuna namna ya kubakiza ule uso wa zamani? Wangu tu. Wengine awaone walivyo."

Namna ilikuwepo. Ni alama moja ya kubonyeza kwenye skrini. Otilia angeweza kudanganya kwamba haipo na mambo yakaisha pale pale, lakini uongo wa kazi ulimshinda. Akasema ipo. Akaongeza kwamba kila fundi wa macho, siku anayopewa cheti, hufumba macho yake kwa kiganja na kuapa kwamba macho ni ya mwenyewe, hataongeza wala kupunguza bila mwenyewe kujua.

Vitalis akatikisa kichwa kama mtu aliyelitegemea jibu hilo.

"Alinisubiri miaka tisa aone tena uso wangu. Sasa aanze kuniona vizuri siku ninayoondoka? Kila asubuhi aniangalie navyopungua? Mtani, mimi kufa siogopi sana. Naogopa macho yake."

Otilia akakandamiza msumeno, chuma kikalia tena.

"Siku yangu utakuja," mzee akaendelea. "Najua. Utaingia kaburini ukatae kutoka mpaka wakupe jogoo, utawachekesha watu wangu, na hiyo ni haki yako kwa mila. Mimi naomba kimoja tu kabla ya siku hiyo."

Kipande cha kizimba kikakatika, kikaanguka majanini. Otilia akakiokota, akapuliza vumbi la chuma.

"Nimesikia, mzee," akasema.

Si kukubali, si kukataa. Lakini mzee alilichukua kama kukubali. Akamshika bega kwa mkono mwepesi mno, akarudi ndani ameinua kichwa.

4

Kadi ikaingia. Ilitoa ule mlio mdogo wa kushika kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, mlio ambao siku nyingine Otilia huufurahia kama mama anayesikia mtoto amecheua. Akakaza skrubu, akaunganisha waya, akawasha. Feni tatu zikazunguka bila kelele. Chumba kizima kilisikika tofauti.

Akawasha skrini ya majaribio, akaielekeza miwani mlangoni. Skrini iligawanyika mara mbili: kushoto kile kamera inachokiona, kulia kile ambacho kadi inakwenda kukichora kichwani mwa mwenye macho. Vitalis alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kofia yake ya pama. Kushoto alikuwa mgonjwa. Kulia alikuwa yule wa mwaka juzi, mashavu yamejaa, kofia imekaa sawasawa. Watu wawili, kofia moja. Otilia alitazama kushoto, akatazama kulia.

Mashine ikauliza kama iendelee na nyuso za akiba. Ikatoa orodha, majina arobaini na moja. Otilia akaanza kuyafuta. Padri akaenda na ndevu zake. Jirani wa kulia akaenda, Fausta akaenda, wajukuu wakaenda. Akafuta hata la Otilia Ngonyani. Likabaki moja.

Alikaa na hilo moja muda mrefu. Alimfikiria Skolastika na mkono wake juu ya paji lile la baridi. Alimfikiria mzee na kigoda chake. Akajiambia kwamba mgonjwa ndiye mwenye siri yake, na fundi si daktari wala si padri, amekuja kubadilisha kadi. Maneno mazuri, na yote aliyajua kuwa ni visingizio. Mzee alikuwa anamtazama kutoka mlangoni. Otilia akaliacha jina lilivyo, akabonyeza kuhifadhi.

"Tayari, mama," akasema.

5

Skolastika alivaa miwani. Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya uso, akaigeuza, akaigeuza tena. Machozi yakamtoka. Akasema anaona mikunjo ya vidole, anaona makovu ya sindano, moja moja. Akachukua mlulu mwekundu na wa zambarau akaiweka pamoja, akaitenganisha. Akapeleka sindano kwenye kikapu na sindano ikaingia pale pale alipoiona. Alicheka peke yake kwa furaha, na kwa dakika ile Otilia alisahau alichokifanya.

Mama akamgeukia. Akamkagua kutoka kichwani.

"Otilia! Kumbe na wewe umeota mvi. Na hapa kwenye macho umekunjamana."

"Ni shida za Wahehe hizo, mama. Kuwatengenezea mashine kunazeesha."

Wakacheka. Halafu Skolastika akamtazama mumewe, na kicheko kikakatika.

Vitalis alikuwa amejipanga vizuri penye mwanga wa dirisha, kofia kichwani, mgolole umefungwa mpaka shingoni. Akatabasamu. Mkewe alimtazama kwa muda ambao maji ya chai yangechemka. Dirishani yale mayai ya mjusi yalikuwa bado yako juu ya kipande cha gazeti.

"Hujabadilika," akasema hatimaye. "Dunia nzima imezeeka, wewe huna hata unywele mmoja mweupe."

"Ni wewe unanitunza, Mama Fausta."

Skolastika aligeuza shingo kwa Otilia, na sauti yake ikawa ya upole, upole ambao haukumpa mtu mahali pa kujificha.

"Asubuhi pale mlangoni ulisema amekonda. Mimi namwona amejaa. Mtani, ulikuwa unatania?"

Jamani. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ndiyo kazi ya utani: ukisema umetania, neno limekufa, hakuna anayelifukua. Neno moja tu, natania, mzee angebaki na uso wake, mama angebaki na kikapu chake, na Otilia angefunga mkoba aende zake. Vitalis alikuwa anamwomba kwa macho. Otilia akafungua mdomo kulisema. Akakumbuka mwenyewe alivyoapa, kiganja juu ya macho, kijana wa miaka ishirini na tatu aliyeamini kila alichokuwa anakisema.

"Hapana, mama. Sikutania."

Vitalis akaketi kwenye kigoda kwa kishindo.

"Nilikuomba," akasema. Hakupandisha sauti, ndiyo maana iliuma zaidi. "Mngoni, nilikuomba."

"Uliniomba, mzee. Nikakupa kitu ambacho si changu."

Skolastika alikuwa ameinamisha kichwa. Akaeleza, kana kwamba anawaeleza milulu, kwamba juzi alipokuwa anampokea mumewe ndoo, mkono wake uliteleza ukamshika kifundo cha mkono. Alishika mfupa. Alipoinua macho akaona mume mnene anatabasamu. Akaamini macho, maana ndiyo yalikuwa mapya. Usiku ule hakulala, alikuwa anauliza mkono wake kama umezeeka vibaya.

"Ondoa, Otilia."

"Mama Fausta, usinione," Vitalis akasema. "Nakuomba. Nishike ukitaka, nitakaa hapa, unishike. Lakini usinione."

"Nilimzika mama kwa masikio. Wewe sikuziki hivyo. Hata ukikasirika, kasirika, lakini ukasirike nikikuona."

Otilia alimtazama mzee, akingoja ruhusa ambayo alijua haitakuja, na haikuja. Basi akapiga magoti mbele ya skrini. Jina lilikuwa pale pale peke yake. Akalifuta.

Hakuna kilichosikika. Feni zilizunguka vile vile. Lakini Skolastika alirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesukumwa kifuani, na mkono ukaenda mdomoni. Vitalis aliinamisha uso akaufunika kwa pembe ya mgolole. Skolastika akainuka. Akavuka milulu yake bila kuitazama, akafika alipoketi mumewe, akaufunua ule mgolole polepole, akamtazama. Alitazama uvimbe, akatazama macho yaliyozama, akatazama shingo. Hakuruka kitu.

"Vitalis," akasema, "kofia imekuzidi."

Akaivua. Akaiweka chini. Kisha akapeleka kiganja chake kwenye lile taya, akakiacha pale, na macho yake hakuyafumba. Mzee alijaribu kugeuka, akashindwa, na mwishowe alilaza shavu lake kwenye kiganja kile akaanza kulia bila sauti.

Otilia alikuwa bado amepiga magoti, bisibisi mkononi, hajui atoke au abaki. Vitalis akafuta pua, akamtazama juu ya bega la mkewe. Hasira ilikuwa bado ipo machoni, na kitu kingine pia, kama mtu anayeomba maji.

"Mngoni," akasema, "leo huna la kusema?"

Otilia alilitafuta. Alitafuta lolote, la ng'ombe, la kuku, la jogoo wa kaburini. Mdomo ule ule uliomponza asubuhi ulikuwa umekauka kabisa. Akainama, akaanza kuokota skrubu za kiwandani sakafuni, moja moja.